Nilivyomtafuta Rafiki wa Njoroge

Wenzangu mliohamia Molo na Nyahururu, kila mmoja wenu amenipigia simu kuuliza maneno yale yale: ati ni kweli nilitoka nyumbani nikapotea siku nne, na ati kuna mtu aliyeniona juu ya trela la mahindi upande wa Naitiri. Ni kweli. Nilikuwa nimevaa ile kofia yangu ya kanisani, na nilishikilia kamba kwa mikono miwili. Kabla habari hiyo haijaota pembe huko iendako, acha niwaandikie mwenyewe.

Kifungua mimba wangu Njoroge mlimjua. Alikuwa mwanajeshi miaka kumi na miwili, na kabla ya uanajeshi, wakati wa uanajeshi, na baada yake, alikuwa mgonjwa wa ndege. Figo zilimwondoa miaka miwili iliyopita. Mwaka huu tulikubaliana tuweke jiwe kwenye kaburi, na pasta akaniomba niandike maisha yake yasomwe siku hiyo. Utoto wake niliuandika kwa kikao kimoja: ndege za mabua ya mahindi, viatu alivyopoteza kwenye ua wa uwanja wa ndege wa Kitale, viboko alivyokula kwa ajili ya viatu hivyo. Miaka yake ya mwisho niliiandika pia: alivyochukua kiinua mgongo chake chote akaenda kujifunza kurusha vindege vidogo, huku mimi nikimdai mkaza mwana. Nilimuuliza, "Unangoja ndege ikuzalie?" Akacheka tu.

Lakini katikati kulikuwa na shimo. Miaka kumi na miwili ya jeshi ilikuwa na maneno mawili kwenye karatasi yangu: Alikwenda. Akarudi. Njoroge hakuwa mtu wa kusimulia mambo ya kazi. Aliyeyajua alikuwa mmoja, mwenzake aitwaye Wafula, ambaye jina lake lilikuwa kwenye kila barua. Wafula hivi, Wafula vile, mama yake Wafula amenipikia. Na huyo Wafula hakuja kumzika. Hata salamu hakutuma. Nilimwekea kinyongo ambacho nilikilisha vizuri kikanenepa, na siku ile nilipotoka nyumbani sikuwa nimeamua kama ninakwenda kumwomba anipe miaka ya mwanangu au kumtukana. Nilisema nitajua nikimwona.

Kachibora hadi Kitale

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na barabara yetu mnaijua, ikinyesha inageuka uji wa wimbi. Magari ya abiria yalikuwa yamekataa. Nikaingia kwenye pikapu ya maziwa, mbele, na kopo la lita kumi katikati ya miguu kwa sababu nyuma kulikuwa kumejaa.

Tulikwama mara mbili. Mara ya kwanza watu walishuka wakasukuma. Mara ya pili dereva, kijana mwenye adabu nyingi na breki chache, alinigeukia akasema, akiniita bibi kwa Kikuyu, "Cucu, samahani, si ungeshuka kidogo gari ipate nguvu?" Nilishuka. Gari likatoka mara moja, kama lililokuwa likinisubiri mimi tu. Abiria walijaribu kutocheka wakashindwa, na mimi nikacheka nao, maana hasira haiondoi tope kwenye sketi.

Kitale tulifika saa kumi jioni na maziwa yameanza kubadilika. Nililala kwa binti yangu Wambui, ambaye aliniosha sketi na kuniambia ninakwenda kujitafutia uchungu. "Mtu ambaye hakuja kuzika, mama, unamtafuta wa nini?" Asubuhi alinifungia sukari, majani ya chai na mikate miwili, kwa sababu hata adui huendi kwake mikono mitupu.

Kitale hadi Naitiri

Nilichokuwa nacho kama anwani ni barua moja ya zamani ambayo Njoroge aliandika akiwa likizoni, "niko Naitiri kwa kina Wafula." Nikapata lori lililokuwa linapeleka mbolea huko. Tulipita karibu na uwanja wa ndege, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike sikugeuza uso. Kulikuwa na nyasi, mfuko mmoja wa kitambaa unaoonyesha upepo, na ng'ombe wawili. Nilijiambia hapa ndipo viatu nilivyomnunulia vilipoishia.

Naitiri nilimwendea mwenye duka la kwanza nikamwambia namtafuta Wafula.

Akaweka kalamu chini. "Wafula gani, mama? Hapa hata mimi ni Wafula. Huyu ananunua chumvi ni Wafula. Aliyezaliwa na mvua ni Wafula, na huku mvua hainyeshi kidogo."

"Huyu ni mwanajeshi."

"Aa! Si ungesema. Mzee Wafula ya jeshi. Tunajua yeye."

Nilipelekwa kwenye boma safi lenye miti ya parachichi. Mzee mwenyewe alitoka mlangoni kama mtu aliyekuwa ananingoja tangu asubuhi. "Kalibu, mama, kalibu sana! Tuliambiwa utakuja, lakini hatukujua ni leo." Nikashangaa ni nani aliyewaambia, ila nilikuwa nimechoka, na mtu akikukaribisha hivyo humhoji. Nilimchukulia kuwa baba yake Wafula. Kuku akalia mara moja nyuma ya nyumba na hakulia tena.

Tulikaa tukazungumza vizuri mno. Mzee alisema watoto wetu wamependana kweli. Nikasema ndiyo, hawakuachana hata siku moja. Akasema mwanzoni alikuwa na wasiwasi kwa sababu sisi ni Wakikuyu na wao ni Wabukusu. Nikasema hata mimi nilishangaa kidogo, lakini mtoto akishachagua rafiki utafanya nini. Akasema vijana wa siku hizi huita hivyo, rafiki, na akacheka, na mke wake jikoni akacheka. Ugali ukaja, mweusi wa wimbi na muhogo, na kuku, na mrenda. Ule mrenda, wenzangu, ulinitia aibu. Nikiuchota unanifuata, nikiuvuta unarefuka, na mzee aliangalia pembeni kwa heshima. Lakini ulikuwa mtamu, na mara ya tatu nilikuwa nimejua kuuzungusha kwenye tonge.

Ndipo mzee akafuta mikono akauliza, "Sasa, mama, msichana amekubali harusi iwe Desemba?"

"Msichana yupi?"

"Si yako. Yule wa Nakuru."

Tuliangaliana. Ilibainika kwamba mzee alikuwa mpishi wa jeshi zamani zile, na kwamba kijana wake alikuwa amepata mchumba Mkikuyu ambaye mama yake alitarajiwa kuja kujijulisha. Na mimi nilikuwa nimeshamla kuku wa watu, hata paja. Nikamweleza kwamba wangu alikuwa mvulana, mwanajeshi, na kwamba amelala.

Mzee akanisogezea sahani. "Kula, mama. Hiyo kuku haiwezi kurudi. Na mwanajeshi ni mtoto yangu pia." Halafu akamtuma mtu akaulize, na kabla jua halijatua jibu lilikuwa limepatikana: Wafula wa rika la Njoroge alikaa hapa zamani kwa mjomba wake, lakini kwao hasa ni Matulo, karibu kabisa na kiwanja cha ndege. Wakanipa kitanda cha bibi harusi mtarajiwa, nikalala fofofo.

Naitiri hadi Webuye

Hapa ndipo trekta inapoingia. Mzee alinipandisha yeye mwenyewe kwenye trela la mahindi, juu ya magunia, pamoja na wanawake watatu waliokuwa wanakwenda sokoni. Kwenye mto mmoja maji yalikuwa yamepita juu ya daraja. Dereva alizima injini, akavua viatu, akalala chini ya mti.

"Atalala mpaka lini?" niliuliza.

"Mpaka maji ichoke," mama mmoja akanijibu.

Maji yalichoka baada ya saa tano. Tulikula mahindi ya kuchemsha na ndizi, na tulisimuliana kila kitu ambacho wanawake wasiojuana husimuliana kwa sababu hawataonana tena. Niliwaeleza ninakokwenda. Wawili walisema nimtukane kwanza ndipo nimwombe. Wa tatu, mnene kama mimi, alitafuna mahindi yake mpaka mwisho ndipo akaniuliza, "Na kama iko na sababu?"

Nikasema hakuna sababu ya kutomzika rafiki. Akasema haya, na akanipa ndizi nyingine.

Webuye hadi Matulo

Kutoka Webuye nilichukua baiskeli, yenye kiti cha sponji na pindo za kitambaa. Mwenye baiskeli alinipima kwa macho, akapuliza gurudumu la nyuma kwa pampu, akanipima tena, akaongeza. Tulikwenda vizuri kwenye mteremko. Kwenye kilima alisimama akasema kwa upole, "Mama, hapa baiskeli inapenda kutembea." Tukatembea watatu, yeye, mimi na baiskeli, na tukasalimiwa na kila shamba.

Kiwanja cha Matulo hakina mengi. Ni ardhi ndefu iliyonyooka, yenye majani, mbuzi na watu wanaokatisha na mitungi ya maji. Kando yake kulikuwa na boma lenye nyumba mbili za mabati. Nilikuwa nimeshika lango, maneno yangu makali yako tayari mdomoni, nilipoita hodi na sauti ya mwanamke ikapiga kelele kutoka shambani:

"Mama Njoroge! Ndama ameingia mahindi!"

Sijui niwaelezeje. Tangu mazishi hakuna aliyeniita hivyo. Ninyi wenyewe, kwa wema wenu, mlihamia kwenye Mama Wambui ili msinichome, na mimi sikuwahi kuwaambia kwamba hilo ndilo lililonichoma. Nikaitika. Niliitika kwa sauti, nikageuka kumtafuta ndama. Na mwanamke kijana akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akiitika yeye pia, akanipita, kisha akasimama ghafla akanitazama.

"Wewe ni nani, mama?" akauliza.

"Mama Njoroge," nikasema.

Mwiko ukaanguka.

Matulo

Wafula aliitwa kutoka kwenye miwa. Ni mtu mrefu anayechechemea. Aliponiona alivua kofia. Mama yake, ambaye wote pale humwita Kukhu, yaani bibi, alitoka akaketi kwenye mkeka, akanishika mkono na hakuuachilia. Maneno yangu makali nilikuwa nayo bado, lakini nilitaka kwanza kujua mtoto gani anaitwa Njoroge katika nyumba ya Wabukusu. Wakamleta. Mvulana wa miaka sita, magoti yamechubuka, akanipa mkono akikimbilia kuuchukua tena.

Kukhu ndiye aliyesimulia. Miaka sita iliyopita Wafula na Njoroge walikuwa nje ya nchi, walinda amani. Wafula alivunjika mguu akarudishwa nyumbani. Wiki ambayo mkewe alijifungua, habari ikaja kwamba gari la kikosi chao limepinduka mtoni na wote wamekufa, Njoroge akiwemo. Na mtoto akawa analia. Analia mchana kutwa, titi hataki.

"Kwetu mtoto akilia hivyo, kuna mtu anamtaka," Kukhu alisema. "Ni mtu amekufa anataka jina. Nikaita wote ya nyumba yetu. Baba yangu, hapana. Shangazi ya bwana yangu, hapana. Nikaita mpaka wale hata sikupenda. Mtoto analia tu. Halafu nikakumbuka huyo kijana yako alikuwa anakula hapa, analala hapa. Nikasema, Njoroge? Akanyamaza, mayi, mama yangu. Akanyamaza hivi, akashika titi."

Basi jina likakaa. Baada ya majuma sita Njoroge akaingia langoni kwa miguu yake, mkono mmoja umefungwa bandeji, akiuliza kama kuna chakula. Hakuwa kwenye gari lile.

"Nilikimbia," Kukhu akasema. "Mimi na miguu hii. Nilikimbia nikapita choo."

Hapo nilicheka, lakini wao hawakucheka. Wafula akaanza kusema akiangalia kofia yake. Kwao mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Ni kama kumwambia mwenyewe aondoke, nafasi yake imechukuliwa. Walitaka kulibadilisha. Njoroge akakataa kata kata, akasema kwao ni jambo la kawaida, tena la heshima, akamwita mtoto wajina wake. Walidhani anawapoza tu. Na kila alipokuja walimwangalia kama anakonda. Miaka minne baadaye akafa kweli.

"Nilikuja kumzika," Wafula akasema. "Nilifika Kitale na shada la maua. Nikakaa steji mpaka gari ya mwisho ya Kachibora ikatoka. Nilisema, mama yake ataniuliza habari ya mtoto, na mimi nitasema nini? Ati tulimpa mtoto jina yake, na yeye akaenda? Nikarudi."

Wenzangu, nilikasirika kwanza. Miaka miwili ya kinyongo, na kumbe mtu alikuwa ameketi Kitale na maua. Kisha nikamgeukia Kukhu, maana niliona yeye ndiye mwenye mzigo, na nikamweleza polepole kwamba kwetu sisi mtoto hupewa jina la babu akiwa hai, amshike, amtemee mate ya baraka kifuani, amwone akikua. Njoroge wangu aliitwa jina la baba mkwe wangu. Mzee alimshika siku ya pili, akaishi mpaka kijana akaanza kunyoa ndevu.

"Na mimi naitwa Nyambura," nikamwambia. "Binti yangu ana msichana anaitwa Nyambura kwa sababu yangu. Ana miaka tisa. Kama jina linaua, mbona leo nilikuwa juu ya trekta?"

Kukhu aliukaza mkono wangu, ambao bado alikuwa ameushika.

"Kwa hivyo hatukumuua," akasema.

"Hamkumuua, mama. Ni figo. Mlimpa mtoto, wakati mimi nilikuwa namgombeza kila siku kwa kukosa mtoto."

Alilia, nami nikalia, na Mama Njoroge yule mdogo akaenda kutoa chai kwenye moto kwa sababu ilikuwa inamwagika. Tulipomaliza kulia tulikula sana. Halafu Kukhu, uso umekunjuka, akaniambia jambo ambalo mwanangu hakunieleza kamwe: siku aliyotua pale Matulo na kindege cha watu wawili, baada ya kupata leseni. Wajina wake alipiga kelele hataki kupanda. Wafula alisema mguu. Kukhu akaenda kuvaa nguo za kanisani akapanda.

"Ulikwenda wapi?" nikamuuliza.

"Juu," akasema. "Nikaona mabati yangu. Nikaona ng'ombe ya jirani iko kwa shamba yetu. Nilimwambia Njoroge, shuka chini nifukuze."

Mimi Njoroge alinialika mara tatu. Nilimwambia nitapanda siku atakayoniletea mke. Niliumia kidogo kusikia kuwa mwanamke mwingine alipanda kiti changu, kisha nikafurahi kwamba hakikukaa kitupu.

Kurudi, na Jumamosi

Kurudi hakukuwa na visa. Nililala Matulo usiku ule, asubuhi nikapata lifti hadi Kitale na nyingine hadi nyumbani. Nilimwomba Wafula aje Jumamosi, siku ya kuweka jiwe, aseme habari za jeshi. Hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Tutaona, mama," na mnajua maana ya tutaona.

Jumamosi watu walikuja wengi. Jiwe lilifunikwa kwa kitambaa cheupe. Tuliimba, pasta akaomba, nikaangalia barabara mpaka Wambui akanigusa kiwiko. Hakuna mtu. Basi nikasimama na karatasi yangu nikaanza kusoma. Nilisoma mabua ya mahindi, watu wakacheka. Nilisoma viatu. Nikafika kwenye maneno yale mawili, Alikwenda, Akarudi, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kuyasema niliposikia lori linazima injini langoni.

Walishuka wanne, wametapakaa tope mpaka magotini, Kukhu mbele akiwa na hereni. Wafula alipita katikati ya viti akichechemea, ameshika shada, akaliweka, akasimama kando yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini nimefika wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasoma yale maneno mawili, akatikisa kichwa, akaanza.

Alisema karibu saa nzima. Alisema Njoroge alivyokuwa akihesabu ndege za misaada zikitua mpaka akazijua kwa sauti. Alivyopika chapati kwenye mfuniko wa pipa siku ya Krismasi zikaungua, na jinsi kikosi kizima kilivyozila. Alivyogombana na ofisa kwa ajili ya mbwa. Alivyombeba Wafula mgongoni siku ya mguu, mwendo wa nusu siku, akimwimbia nyimbo za Kikuyu ambazo mbebwa hakuelewa neno.

Mimi nilikunja karatasi nikakaa. Mtoto akaja akaketi miguuni pangu kwa sababu hapakuwa na viti. Tangu siku ya mazishi nilidhani nimeshajua kila kitu nitakachojua juu ya mwanangu, hakuna kipya kitakachokuja tena. Na sasa nilikuwa nimekaa pale kwa saa nzima, kama zamani nilipopokea barua, ninasikia habari zake.